Ndoo ya Mwaisha

Mtu akiita "Mwaisha" nyumbani kwetu Mafiga, tunaitika wawili. Mimi ndiye mdogo. Mkubwa ni bibi yangu, mama yake Mama, na jina lake nilipewa siku niliyotolewa nje. Kwa sababu hiyo haniiti mjukuu wangu, ananiita somo. Mimi namwita Bibi, maana sijawahi kuthubutu kumtaja mtu mzima kwa jina, hata kama jina lenyewe ni langu.

Bibi alishushwa kutoka milimani mvua za masika zilipokatika. Nyumba yake iko juu kabisa ya Mkuyuni, mahali ambapo gari halifiki, na kijito anachofulia kiko bondeni, chini ya migomba. Siku hiyo alikuwa akipanda na beseni la nguo mbichi kichwani, akateleza. Nyonga haikuvunjika, lakini ilivimba, na wajomba wakamteremsha kwa machela hadi barabarani. Mama akasema safari hii harudi kule, akae na sisi. Bibi hakubisha. Si mtu wa kubishana. Lakini alipoanza kutembea na mkongojo tu, akaanza kusema kwa upole, kila baada ya chakula:

"Mimi nitarudi kwangu. Nguo zangu nimezoea kufulia mtoni."

Mama alikuwa akisikia neno "nitarudi" na kununa. Mimi nilisikia neno "nguo".

Kwetu tulikuwa tunafua uani, karai chini, mtu ameinama miguu imenyooka, mpaka ukija kusimama mgongo unakataa. Maji ni ya mgao, na koki ilikuwa kwenye kona ya ukuta, mbali na kamba. Pamoja na mkongojo wake, Bibi hakuwahi kumwachia mtu nguo zake. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, na sisi tulipotoka vyumbani tulikuta kanga yake imeshaanikwa nyuma ya jiko, inachuruzika maji.

"Mama, si Mwaisha yupo?" Mama alikuwa akimwambia. "Mpe akufulie, hana kazi huyu."

"Ana kazi ya kungoja kazi," Bibi alijibu. "Na mimi mikono ninayo."

Ni kweli nilikuwa nangoja kazi. Nilimaliza stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, nikaomba ajira kila mahali, kisha nikawa nakaa nyumbani naosha vyombo na kuona haya watu wakiniuliza nafanya nini. Chuoni nilijifunza jambo moja nililoliamini kweli: kitu kikiwa na mahali pake, kazi yake inapungua. Nyuma ya jiko tulikuwa na stoo. Nikaanza kuitazama kila nilipopita.

Nilimwambia Mama jioni moja tukichambua mchicha. Nilimwambia nikiwa nimeinamia ungo, ndivyo ninavyosema mambo makubwa. "Mama, ile stoo tuigeuze chumba cha kufulia. Tujenge kizimba kirefu kama meza, Bibi afue amekaa, asiiname. Pengine hataondoka."

Aliyejibu alikuwa kaka yangu Halidi, aliyekuwa mlangoni akivua viatu. Halidi ni fundi magari, na huja nyumbani na oili ya mji mzima mwilini.

"Chumba cha kufulia?" alisema. "Mimi nimefulia tangu Idi, mfukoni hamna hata vumbi. Ndiyo nihamie humo?"

"Ukihama, hama na matairi yako yaliyomo," Mama alisema. "Kesho nisiyakute."

Hivyo ndivyo ruhusa ilivyopatikana.

Tulitoa matairi, mabati ya kutu, na magunia ambayo panya walikuwa wameshayafanya mtaa wao. Jirani yetu, fundi Rehani, alijenga kizimba cha matofali kinachofika kiunoni, akakisakafia vizuri, akakipa mteremko mdogo ili maji yakimbilie kwenye tundu na kutoka nje hadi kwenye migomba. Akavuta bomba kutoka kwenye tangi, akaweka koki juu ya kizimba. Mimi nikapaka kuta chokaa. Mlango ulikuwa umeliwa na mchwa pembeni, nikautoa kabisa na kuusimamisha uani, nikaona heri hewa ipite. Dirisha la kioo lililokuwa limezibwa kwa bati nikalifungua, mwanga ukaingia kutoka upande wa milimani, nikafurahi kama niliyeijenga milima yenyewe.

Kisha nikapanga. Rafu ya juu, sabuni ya unga kwenye kopo lenye kifuniko, isivute unyevu. Sabuni ya mche nikaikatakata na kuiweka kwenye kikapu kidogo karibu na koki, mkono usitafute. Buluu, brashi, na vibanio vya nguo kwenye mkebe niliouning'iniza kwenye msumari. Nikaweka stuli ndefu ya kukalia. Chini ya rafu nikapanga matenga ya plastiki yenye matundu, kila moja na jina lake nililoliandika kwa herufi kubwa na kulibandika kwa gundi: MAMA, HALIDI, BIBI, MWAISHA.

Halidi alisimama akaangalia kwa muda mrefu. "Chuo kimefanya kazi," alisema. "Hii sasa ni masijala ya chupi."

Lakini tangu siku hiyo ovaroli lake lilianza kulala ndani ya tenga badala ya juu ya kochi, na Mama akasema hajawahi kuona jambo kama hilo katika nyumba yake.

Nilimwita Bibi aje aone. Alikuja polepole na mkongojo wake, nikamkalisha kwenye stuli. Alipapasa kizimba kwa kiganja. Akafungua koki, akaacha maji yamwagike juu ya mkono wake, akayafuata kwa macho yakiteremka na kupotea kwenye tundu.

"Maji yanapita," alisema, kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe.

"Yanapita, Bibi. Hayatuami hata kidogo."

Kisha akageuka kuyatazama matenga. Bibi alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya ngumbaru, na mpaka leo husoma kwa midomo. Nikaiona midomo yake ikisema: Bi-bi. Akalitazama dirisha. Akatazama mahali pa mlango. Alipoinuka alinishika bega.

"Umefanya kazi kubwa, somo yangu. Mungu akulipe."

Nikalala usingizi mtamu. Asubuhi nilipoamka, kanga ilikuwa kambani nyuma ya jiko, inachuruzika kama kawaida, na tenga la Bibi lilikuwa tupu. Kesho yake likawa tupu. Keshokutwa nikaliinua na kulitikisa, sijui nilitegemea kitu gani kianguke.

Jumatano baada ya chakula Bibi akamwambia Halidi, "Mume wangu, niulizie gari la kwenda Mkuyuni Jumamosi. Dereva apite hapa anichukue."

Halidi humwita Bibi mke wangu, kama wajukuu wa kiume wanavyowaita bibi zao, na ana maneno ya kumchekesha hata mfiwa. "Mke wangu, unanikimbia? Majirani watasema nakupiga."

Zamani Bibi angecheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Lakini tangu ashuke milimani alikuwa akianza tu kucheka, anabana midomo, anashika tumbo, anageukia ukutani mpaka kicheko kife. Tulidhani ni nyonga inamuuma. Hata siku hiyo aligeukia ukutani.

Mama alitoka nje. Nilimkuta uani akikuna nazi ambayo hakuna aliyekuwa ameihitaji. "Kule ataanguka tena," alisema bila kuniangalia. "Safari hii nani atamwokota?"

Nilikwenda kukaa chumbani kwangu, nikakitukana kizimba changu kimoyomoyo.

Alhamisi alasiri mawingu yalishuka kutoka mlimani ghafla, kama yanavyofanya, na kabla hatujasema mvua, matone makubwa yalikuwa yameshaanza kupiga mabati. Kila mtu akakimbilia kuanua. Mama alikimbilia vitunguu alivyokuwa ameanika. Mimi nilikimbilia shuka na kanzu ya Halidi ya Ijumaa. Halidi naye akakimbilia kamba ya nyuma ya jiko, akifuatwa na fundi Rehani, aliyekuwa amekuja kuchukua mwiko wake na kukutwa na mvua kwetu.

Nikamwona Bibi akiinuka mkekani kwa haraka isiyo yake, bila mkongojo. "Acha," alikuwa akisema. "Acha, nitaanua mwenyewe." Sauti yake haikushinda ile mvua.

Halidi alikwishavuta kanga. Chini ya kanga kulikuwa na shuka limekunjwa, na chini ya shuka, vitambaa. Vilikuwa vingi, vimekatwa kutoka kwenye kanga kuukuu, vikakunjwa na kushonwa kwa mkono vizuri sana, tabaka juu ya tabaka.

"Kha," alisema Halidi akiviinua juu. "Nepi hizi za nani? Humu ndani kuna mtoto mchanga tumefichwa?"

Fundi Rehani akacheka kidogo. Ndipo nilipomtazama Bibi. Alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko, mvua inamnyeshea kichwani, na uso wake ulikuwa uso ambao sijawahi kuuona kwa mtu mzima. Mambo yote yakaja pamoja: kufua kabla ya alfajiri, kucheka kwa kujibana, shuka chini ya kanga. Sikufikiri. Kama ningefikiri, nisingeweza.

"Zangu," nilisema.

"Zako?"

"Zangu, Halidi. Lete."

Halidi alitazama vile vitambaa, akanitazama, akaelewa jambo ambalo silo. Akanikabidhi haraka kama aliyeshika kaa la moto. Fundi Rehani akaanza kuuchunguza mwiko wake kwa makini. Masikio yangu yaliwaka. Mimi ni mtu ambaye hutuma watoto wa jirani dukani anapohitaji vitu vya kike, na sasa nilikuwa nimesimama mvuani mbele ya wanaume wawili, nimekumbatia vitambaa vile kifuani.

Niliingia navyo kwenye chumba cha kufulia kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Baada ya muda Bibi akaingia, ameloa. Nikamkalisha kwenye stuli, nikamfunika na kanga kavu. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilibidi tuseme mdomo kwa sikio.

"Somo, umesema uongo mbele za watu," alisema.

"Sijasema uongo, Bibi. Ni za Mwaisha."

Alinitazama. Kisha mabega yake yakatikisika, akabana midomo, akashika tumbo, akageukia ukutani. Safari hii nilijua kwa nini. Nikamwacha mpaka akatulia.

"Ilianza kabla sijaanguka," alisema. "Nikikohoa, yanatoka. Nikinyanyua ndoo, yanatoka. Nikicheka ndiyo balaa. Huyu Halidi akifungua mdomo mimi naomba Mungu amfunge."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningemwambia nani? Mume wangu?" Akatikisa kichwa kuelekea uani. "Kule kwangu maji ya kijito yanakuja safi, yanaondoka na uchafu wake, hakuna wa kuuliza. Hapa mnaloweka nguo beseni moja. Changu chenye najisi kikilowekwa na kanzu ya Halidi, nitakuwa nimemharibia swala yake na yeye hajui. Siwezi, somo. Halafu ukanijengea chumba kizuri, ukaniwekea tenga lenye matundu, na jina langu juu yake, na dirisha wazi, na mlango hamna. Anayekuja kuchota maji asome: hizi za bibi."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayeeleza njia. Mimi nilipanga kwa majina na kwa rangi, nyeupe huku, za rangi kule. Yeye alikuwa akipanga kwa namna nyingine: nini kisiguse nini, na nani asione nini. Namna yangu niliisoma chuoni. Namna yake nimekua naiona, kila mwanamke niliyemjua akianika nguo za ndani chini ya kanga, na sikuikumbuka hata kidogo niliposhika ile gundi.

Niliinama, nikalibandua lile jina BIBI kwenye tenga, nikalikunja na kulitia mfukoni.

"Gari ni Jumamosi," alisema Bibi akinitazama.

"Kuna Ijumaa kwanza," nilisema.

Ijumaa niliamka mapema kuliko siku zote. Nilinunua ndoo ya buluu yenye kifuniko kinachobana, isiyoonyesha ndani. Nusu ya chini ya kioo cha dirisha niliipaka rangi nyeupe, ya juu nikaiacha iendelee kuona milima. Nilifunga kamba mbili ndani ya chumba, karibu na matundu ya hewa: ya mbele ya kanga, ya nyuma ya vitu vinavyokaa nyuma ya kanga. Kisha nikamsubiri Halidi arudi msikitini, nikamwomba arudishe mlango na aweke komeo.

"Upande wa ndani," nilisema.

"Ndani? Mna siri gani na sabuni?"

Nilikuwa nimeinamia sakafu. "Kaka, weka tu."

Alikata ubao kuziba pale palipoliwa na mchwa, akaweka bawaba mpya, akafunga komeo, akalijaribu mara kadhaa mpaka likateleza bila kelele. Alipokuwa akikusanya misumari alisema, bila kunitazama, "Jana sikujua. Pole."

Hakujua hata hapo, lakini alikuwa na moyo mzuri, nikapokea pole kwa niaba ya mwenyewe.

Jambo lililobaki lilikuwa gumu kuliko mlango. Nilimpigia simu Eva, niliyesoma naye sekondari, ambaye sasa ni nesi. Nilimweleza bila kutaja ni nani. Akasema ni jambo linalowapata wanawake wengi sana, hasa waliozaa mara nyingi, na kwamba kuna mazoezi na kuna matibabu, mgonjwa aende akaonwe, asikae nalo kimya. Kisha akauliza, "Ni nani mwenyewe?"

"Ni Mwaisha," nilisema.

"Pole, shoga yangu," Eva alisema kwa huruma kubwa. "Njoo Jumatatu, nitakuwepo."

Sikumsahihisha.

Jioni nilimpeleka Bibi chumbani. Nikamwonyesha komeo, akalifunga na kulifungua. Nikamwonyesha kamba mbili. Nikafungua koki. "Hapa hatuloweki, Bibi. Cha kwako unakitandika juu ya kizimba, maji yanapita juu yake, yanaondoka. Kama kule." Kisha nikamwonyesha ndoo. Juu ya kifuniko nilikuwa nimebandika jina, kwa herufi kubwa. Akaisoma kwa midomo. Mwa-i-sha.

"Hii ni yako au yangu?" aliuliza.

"Anayejua ni mwenye kufungua kifuniko. Mwingine akiuliza, ni yangu."

Alikishika kile kifuniko, akakibonyeza kikalia. Nilimweleza habari za Eva na Jumatatu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Nitamwambia mama yako mwenyewe. Wewe usimwambie." Halafu akaenda kuswali, nami nikabaki nimeshika sabuni.

Usiku ule sikumsikia akipanga vitu, lakini asubuhi ya Jumamosi furushi lake lilikuwa mlangoni mwa chumba chake, limefungwa kwa kanga yake ya zambarau. Nikalitazama, nikachukua kikapu, nikaenda kununua vitumbua, kwa sababu sikutaka kulia mbele yake na ili asisafiri na tumbo tupu.

Niliporudi, furushi halikuwepo.

Nikapita sebuleni, hakuna mtu. Nikatoka uani na vitumbua mkononi. Halidi alikuwa amesimama mbele ya chumba cha kufulia, ovaroli begani, anausukuma mlango kwa kidole.

"Kumefungwa," aliniambia. Ndani maji yalikuwa yanamwagika. Akagonga. "Nani yumo?"

"Mwaisha," sauti ikajibu.

Halidi akanigeukia. Akanitazama mimi, akavitazama vitumbua. "Mwaisha yuko hapa nje."

"Basi kuna mwingine. Ngoja zamu yako, mume wangu, au nenda ukafulie mtoni."

Kwenye kamba ya uani, mbele kabisa mahali pa jua, kanga ya zambarau ilikuwa imeanikwa, inachuruzika. Furushi lenyewe sikuliona mahali popote, mpaka nilipochungulia dirisha la chumba cha Bibi, nikaona nguo zake zimerudi juu ya kitanda, zimekunjwa moja moja. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jiko, amevimba macho, lakini anatabasamu, na kutokana na macho yale nilijua kwamba ameshaambiwa.

Barabarani gari likapiga honi.

"Bibi," Halidi aliita mlangoni, "gari la Mkuyuni ndilo hilo. Nikamwambie nini dereva?"

Maji yakanyamaza. Nikashika kikapu kwa mikono yote miwili.

"Mwambie nafua," alisema Bibi.

"Nimwambie mke wangu kafulia?"

Kisha tukamsikia. Alianza kwa kujibana, kama alivyozoea. Halafu, nyuma ya ule mlango uliofungwa, akaacha kujibana. Alicheka mpaka mwisho, kicheko kirefu cha milimani, cha mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde, na alipomaliza akafungua koki tena.